Mgeni wa Maji ya Chumvi

Hakimu alikuwa na vikohozi viwili. Cha kwanza kilikuwa cha mahakamani, kifupi na kikavu, na watu waliposikia waliacha kunong'ona hata kama walikuwa sokoni na yeye anapita zake tu na mwavuli. Cha pili kilikuwa kirefu na cha chini. Hicho alikitumia nyumbani, anapokikaribia kiti cha mkewe kwa nyuma, ili asimshtue. Mimi nimevisikia vyote viwili kwa miaka mingi, maana kibanda changu cha kushona kinatazamana na nyumba yake hapa Bugene, Karagwe. Fundi cherehani macho yake huwa kwenye nguo, lakini masikio yako barabarani, na ukimkuta anayekataa ujue anakudanganya.

Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, mtu wa Muleba aliyeletwa huku na kazi akabaki. Alikuwa amestaafu zamani lakini hakuna aliyethubutu kuliongeza neno hilo kwenye cheo chake. Watu aliowahi kuwafunga walimwamkia "Shikamoo, Hakimu," naye akaitikia marahaba na kuwauliza habari za watoto kwa majina. Sijui aliyakumbukaje majina yote hayo.

Suruali zake nilizitengeneza mimi. Aliziinua mbele ya dirisha akaukagua mshono kuanzia juu hadi chini huku wateja wengine wakisubiri.

"Fundi, huu mshono una shaka."

"Shaka gani, Hakimu?"

"Umekwenda vizuri hadi hapa, halafu ukapinda. Hapa palipita mtu barabarani."

Na kweli palikuwa pamepita mtu. Nilimchukia Hakimu kwa siku nzima, kisha nikaufumua nikashona upya.

Lakini jambo lililomtenga na watu kuliko ukali wake ni kwamba hakuwa mtu wa kula kwa watu. Alipokuwa kazini hakuonja hata maji ya mtu. Alisema leo ni maji, kesho ni mkungu wa ndizi, keshokutwa mtu anasimama kizimbani anakutazama kama mnajuana jikoni. Alipostaafu tulidhani ataacha, na hakuacha. Kwenye harusi aliketi meza ya mbele, akaongea na kila mtu, akacheka panapochekesha, na sahani yake ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Krismasi moja niliwapelekea ebitoke na nyama, ndizi nilizozichagua mwenyewe. Mkewe alikula akanisifu. Yeye alinishukuru kwa sauti ya kusomea hukumu na hakugusa. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimemwona akila chakula cha mtu mara moja, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Kwetu ni Kaisho. Nilipokuwa msichana ng'ombe wa baba waliingia kwenye maharage ya jirani wakayamaliza, kesi ikaenda, na Hakimu akaamua baba amtoe mtamba wake aliyempenda kuliko wote, mwekundu mwenye doa jeupe begani. Baba hakukata rufaa wala hakusahau. Miezi ikapita. Siku moja Hakimu alikuwa anapita Kaisho kwa shughuli zake, akaegesha pikipiki kwenye njia yetu na kuingia migombani kuja kusalimia.

Sasa, kwetu mgeni akiketi huletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha kuanikwa. Mwenye nyumba huchukua punje kwanza, huzitafuna mbele ya mgeni, ndipo kikapu kiende kwa mgeni. Maana yake ni kwamba hapa hapana sumu na hapana kinyongo, kula. Baba alikileta kikapu mwenyewe, akakiweka mezani, akaketi. Hakuonja. Mama aliinamisha kichwa, na mimi nilikuwa mlangoni nikiona yote.

Hakimu alikitazama kikapu, akamtazama baba. Angeaga akaondoka hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alinyoosha mkono, akachukua punje, akazitafuna taratibu mpaka zikaisha huku akiuliza habari za mvua. Kisha akakisogeza kikapu upande wa baba.

"Sasa wewe, mzee wangu."

Baba akachukua, akatafuna.

Mtamba hakurudi, na hawakuwa marafiki. Lakini baba hakuruhusu mtu amseme Hakimu vibaya hata kwenye rubisi, na pombe ya ndizi huwafanya watu waseme mengi. "Yule alikula kwangu bila kuonjewa," alisema, na hapo maneno yakaisha. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa huku Bugene, nilimuuliza Hakimu mwenyewe kwa nini siku ile alivunja mwiko wake. "Mtu uliyemhukumu ukikikataa chakula chake unamhukumu mara ya pili," alisema. "Kwa kosa moja sheria inaruhusu mara moja."

Mkewe tulimwita Bibi. Alikuwa mtu wa Pangani, na Kiswahili chake kilitutia aibu sisi tunaokitumia dukani na kanisani na kukiacha mlangoni tunapoingia nyumbani. Walikutana Hakimu alipokuwa masomoni Pwani, akamleta huku kwenye baridi na vilima, kwa ahadi kwamba akistaafu watarudi wakajenge mahali anaposikia mawimbi. Nilijua ahadi hiyo kwa sababu Bibi aliitaja kila alipokuja kupima gauni. "Hilo usilibane, fundi, nitalivaa Pangani kwenye joto."

Kiharusi kilimpata mwaka uleule aliostaafu mumewe. Kilichukua upande wa kulia na kupunguza maneno, na daktari akasema safari ndefu asithubutu. Kutoka Karagwe hadi Pangani unaivuka nchi nzima.

Hapo ndipo Hakimu alipoamua kuileta bahari Bugene.

Ilikuja vipandevipande. Binti yao anayefanya kazi Dar es Salaam alituma kwanza ndoo za chumvi maalumu, kisha mashine ndogo ya kusukuma hewa, kisha taa, kisha mawe ya matumbawe. Tangi la kioo lilikuwa na ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Hakimu alichukua maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, akatia chumvi, akakoroga kwa mwiko wa ugali, akapima kwa kipimo cha kioo kinachoelea. Aliponikaribisha kuonja kwa ncha ya kidole nilitema, naye Bibi, kwenye kiti chake kando ya tangi, akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai. Alikuwa hajacheka tangu augue. Hakimu alitoka nje ghafla akasema anakwenda kuangalia mabomba, na hakukuwa na bomba lolote lililoharibika.

Samaki wa kwanza walikuwa wawili, wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, walafi wasio na adabu. Walikula kila walichotupiwa. Habari ikaenea mpaka Kayanga kwamba kwa Hakimu kuna kipande cha bahari, na Jumapili baada ya ibada watu waliingia kwa zamu na kuzunguka tangi. Wengi wetu tumekulia karibu na maji, maziwa tunayo, mto Kagera tunao, samaki tunawajua vizuri wakiwa kwenye sufuria. Lakini samaki anayekufa ukimtia kwenye maji matamu na kupona kwenye chumvi hatukuwa tumemwona, na wazee walisimama pale wamevua kofia.

Mama anayewasaidia kazi, mtu wa Bugomora mwenye moyo laini kuliko siagi, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Siku moja Hakimu alipotoka alichota maji kwenye tangi, akaonja, akasikitika, akatoa ndoo nzima ya maji ya chumvi na kujaza ndoo nzima ya maji safi ya mvua. Hakimu aliporudi alimkuta amekaa na Bibi, ameridhika.

"Waitu, mzee, wale samaki walikuwa wanakunywa chumvi tupu. Nimewapunguzia mateso."

Mimi nilikuwa nimeleta shuka niliyoishona na nikasubiri kikohozi cha mahakamani. Hakikuja. Hakimu alitia kipimo majini, akatazama, akavua koti. Akamwambia yule mama akae, akamweleza bahari ni nini, tangu mwanzo, kama mtu anayemweleza shahidi haki zake. Siku zilizofuata alirudisha chumvi kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, asiwashtue samaki. Nilipomwambia ningekuwa mimi ningefukuza mtu, alitikisa kichwa. "Kosa la huruma halina kifungu, fundi."

Huyu ni mtu ambaye mahakamani shahidi akichelewa alikuta mlango umefungwa. Umeme ulipokatika na mashine ya hewa ikazima, aliketi kwenye kigoda akachota maji kwa kikombe na kuyamwaga juu juu tangini ili yaingize hewa, akachota tena, akamwaga tena. Siku moja ulikatika asubuhi ukarudi jioni. Watu waliokuja kumuomba ushauri wa mirathi aliwasikiliza hivyohivyo, mkono ukipanda na kushuka, na hakuna aliyeona ajabu kwa sababu ushauri ulikuwa mzuri kama kawaida. Mimi niliona ajabu. Nilisimamisha cherehani nikamtazama kupitia mlango ulio wazi na nikajiambia, yule mtu ana mapenzi ambayo sitayaona tena.

Kisha akaja Mgeni.

Bibi ndiye aliyemtaka. Utotoni, maji yalipokupwa, kaka yake alikuwa akimpeleka kwenye vidimbwi vya miamba kumwonyesha samaki mmoja wa manjano mwenye uso mweusi na mdomo mrefu mwembamba, mwembamba kuliko sindano yangu kubwa, anaochokolea chakula kwenye nyufa. Aliomba hilo tu. Binti akahangaika mpaka akampata, akamsafirisha kwa ndege hadi Bukoba ndani ya mfuko uliojaa hewa, na Hakimu akaenda kumpokea mwenyewe, akarudi na boksi mapajani njia nzima. Alipomwachia majini sote tulisogea. Alikuwa na ukubwa wa kiganja, mwenye njano ambayo sijawahi kuipata kwenye kitambaa chochote, na alisimama majini bila kujitahidi, akitutazama. Bibi alimwita Mgeni tangu dakika ile.

Mgeni alikataa kula.

Hakimu alikuwa amejiandaa. Alimtenga na wale walafi wawili kwa kipande cha plastiki chenye matundu, ili wasimnyang'anye, akampa kamba waliokatwakatwa waliotoka Dar kwenye barafu. Mgeni aliwatazama wakizama. Akampa dagaa waliosagwa. Akampa minyoo myembamba iliyochimbwa migombani. Akampa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa langu, vinavyochezacheza majini, na Mgeni akavisogelea mpaka tukadhani atakula, kisha akarudi nyuma. Watu wa Jumapili nao walileta mashauri yao. Mmoja alileta ndizi mbivu. Mwingine alileta senene, wale panzi wa msimu, wa kukaanga kwenye karatasi, kwa heshima zote, maana kwetu asiyekula senene hatujui atakula nini. Hakimu aliwapokea, akamshukuru aliyewaleta, na senene wale wakaliwa na mama wa Bugomora.

Tumbo la Mgeni lilianza kubonyea. Na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho mama wa Bugomora alikuwa amekiona kabla yangu: Bibi naye alikuwa ameacha kula.

Hakusema kwamba hali chakula kwa sababu ya samaki, na sitaki kumsingizia. Kumeza kulikuwa kunamchosha tangu kiharusi cha pili, kile kidogo kilichomjia kimyakimya, na aliona aibu chakula kikimtoka pembeni mwa mdomo. Muuguzi alikuja, akampima, akamwita Hakimu nje barazani, pale panapotazamana na dirisha langu. Alisema hali ikiendelea hivi itabidi apelekwe hospitali alishwe kwa mpira unaopita puani. Hakimu akamuuliza kama mgonjwa anaweza kukataa. Muuguzi akasema anaweza, lakini hapo hatadumu.

"Atakataa," Hakimu alisema. "Namjua."

Kuanzia hapo alikuwa na midomo miwili ya kuiombea. Asubuhi aliketi mbele ya mkewe na bakuli la uji, akamtazama, akisubiri. Akitoka hapo aliketi mbele ya kioo na kibano chenye kipande cha kamba, akamtazama Mgeni, akisubiri. Mama wa Bugomora alisimama nyuma akitazama, binti alipiga simu ya video akitazama, na mimi nikivuka barabara kujulia hali nilitazama pia. Sote tulitaka wale. Tuliwakazia macho kwa mapenzi yetu yote.

Ni Bibi aliyelisema. Nilikuwepo, nimepiga magoti napima upya kiuno cha gauni lake, kwa sababu nguo zote zilikuwa zimemlegea. Mumewe alikuwa kwenye kioo na kibano chake. Bibi alizungumza polepole, neno moja moja.

"Wamtazama mno."

Hakimu akageuka.

"Na mwamtengea meza pekee. Kama mimi siku ile."

Akatulia apumzike. Mimi sikujua siku ile ni ipi, lakini Hakimu alijua, nikaona kibano kinashuka. Akaniambia mimi, ingawa nadhani alikuwa anamwambia mkewe. Alipomleta bibi harusi kutoka Pwani, mama mkwe alimwandalia mlima wa ebitoke kwenye jani, akaketishwa peke yake katikati ya chumba kama mgeni wa heshima, na ukoo mzima ukajipanga ukutani kuona kama binti wa Pwani atakula chakula chao. Hakuweza kunyoosha mkono. Jioni ikaingia, mama mkwe akaanza kununa. Hakimu, kijana wa siku zile, akatoka kwenye mstari wa wanaume, akaja akaketi naye, akachukua kipande kwenye jani lake akala, kisha akageuza uso akatazama ukuta.

"Na mimi nikala," Bibi alisema.

Hakimu aliweka kibano mezani. Nilidhani atalia, na kama angelia ningetoka nje kwa heshima. Aliniuliza kama nina kitambaa kizito.

Nilishona pazia alasiri hiyohiyo, kitenge cha bluu nilichokunja mara mbili, likafunika pande zote za tangi. Upande mmoja tuliacha mwanya mwembamba kwa ajili ya Bibi tu, usawa wa kiti chake. Hakimu alikitoa kile kipande cha plastiki, na walafi wawili wakahamia upande wa Mgeni kwa furaha yao ya siku zote. Kisha akachukua jiwe la matumbawe lenye matundu, akajaza kamba aliyepondwa ndani ya matundu yake kwa ncha ya kijiti, akafikisha vidole mdomoni akaonja, mbele ya samaki, akakunja uso kwa ile ladha mbichi. Mama wa Bugomora aliziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka kikapu cha baba.

Akalizamisha jiwe, akafunga pazia, akatuamuru sote tukae chini na tuzungumze habari nyingine.

Tukazungumza bei ya kahawa. Hakuna kitu kigumu kama kuzungumza bei ya kahawa namna hiyo. Walafi tuliwasikia, ndiyo, tuliwasikia wakigonga jiwe. Hakimu alikuwa ameupa ukuta macho, mikono magotini. Mwishowe Bibi aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaniita kwa kidole nisogee kwenye mwanya.

Wale wawili walikuwa wanang'ang'ania matundu ya juu. Mgeni alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini kidogo, anawatazama wakila. Kisha akasogea kwenye tundu la chini ambalo midomo yao mifupi haikuweza kulifikia, akauingiza mdomo wake mrefu humo ndani, wote, na mwili wake ukapigapiga kidogo. Akautoa. Ulikuwa na kipande. Akakimeza, akarudi tena.

Nimeona watoto wakizaliwa, wawili wangu mwenyewe, na nimeona mvua ikirudi baada ya jua la kuunguza maharage. Nilijisikia vilevile. Nilimshika Bibi mkono na tukaangalia kiumbe kile cha chumvi, kilometa sijui ngapi kutoka kwao, kikikubali kuishi kwetu.

"Anakula?" Hakimu aliuuliza ukuta.

"Ala," Bibi akajibu.

Hakugeuka kuangalia. Alikuwa amesubiri kuona hilo kuliko sisi sote, na hakugeuka. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na bakuli la uji na vijiko viwili. Akavuta kigoda pembeni ya kiti cha mkewe, si mbele yake, akachota kijiko akanywa mwenyewe. Akampa Bibi kijiko cha pili mkononi, bakuli akaliweka mapajani mwa mkewe, na akageuza uso akasema na mimi.

"Fundi, ulikuwa unasema kahawa imeshuka?"

Nikasema imeshuka. Nikasema mengi kuhusu kahawa, mengine ya uongo, na muda wote ule kijiko kiligonga bakuli taratibu nyuma ya bega lake.

Bibi aliishi muda mrefu kuliko alivyokadiriwa, mrefu sana. Kila mlo ulikwenda hivyo, mume anaonja, anageuka, wanaongea mengine, na mpira wa puani haukutajwa tena. Mgeni alinenepa. Baadaye alijifunza kula mbele za watu, pazia likabaki limefunguliwa mchana kutwa, lakini Hakimu hakuruhusu liondolewe. Na hata hapo, ukimpelekea Hakimu sahani yake mwenyewe, ilirudi kama ilivyokuja.

Bibi alifariki wakati wa masika, usingizini, dirisha likiwa wazi kwa sababu alipenda mshindo wa mvua. Tulimzika migombani, juu kidogo, panapoonekana bonde. Nilimshonea lile gauni la Pangani nikaliacha bila kulibana.

Waombolezaji walipotawanyika na binti aliporudi kazini, mama wa Bugomora alivuka barabara akasimama mlangoni kwangu.

"Fundi, mzee hali. Samaki anamlisha vizuri kabisa, ila yeye hali. Naweka chakula, nakitoa. Naweka, nakitoa. Ongea naye wewe."

Sikujua nitaongea nini na mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akisikiliza maneno ya watu na kuyapima. Nikapika. Nilimenya ebitoke zilezile za aina niliyompelekea Krismasi, nikaunga na maharage ya kwetu Kaisho, nikafunika sahani kwa kitambaa, nikavuka.

Alikuwa kwenye kigoda mbele ya tangi. Shingo ilikuwa imekonda ndani ya kola niliyoishona mimi. Kiti cha Bibi kilikuwa palepale.

"Shikamoo, Hakimu."

"Marahaba, mwanangu." Akanionyesha kwa kidevu. "Amekula."

Mgeni alikuwa kwenye jiwe lake, wa manjano, mnene, anachokoa.

"Nawe, Hakimu, umekula?"

Akakohoa kile kikohozi kifupi. Kwa miaka yote niliyomjua hakuna aliyewahi kuendelea na maneno baada ya kikohozi kile. Niliiweka sahani kwenye stuli pembeni yake nikaifunua. Mvuke ukapanda. Hakuutazama. Nilifikiria kumweleza kwamba Bibi asingependa, kwamba binti ana wasiwasi, na nikaona yote hayo ni kumkazia macho.

Baba yangu hakumwonjea. Nilivuta kigoda kingine nikaketi pembeni yake, nikanyoosha mkono kwenye sahani ya Hakimu, nikamega kipande cha ndizi, nikala. Nikatafuna mpaka kikaisha. Kisha nikageuza uso nikatazama samaki.

"Wanasema kahawa msimu huu itapanda," nikasema.

Wale walafi wawili walipita, wakarudi. Mgeni aliuingiza mdomo kwenye tundu, akautoa. Halafu nikasikia kikohozi kile kingine, kirefu cha chini, ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya mazishi.

"Nani anasema?" aliuliza Hakimu.

"Watu wa sokoni."

"Watu wa sokoni," alisema, na nikasikia sahani inavutwa kwenye stuli. Sikugeuka.